Bolti Iliyokatikia Ndani

Kila fundi wa magari anaijua sekunde ile. Spana inazunguka kwa uzito, mkono unahisi bolti inaanza kulegea, na moyo unafurahi. Kisha uzito wote unatoweka ghafla na spana inakwenda bure. Bolti imekatika. Kichwa kimebaki ndani ya spana, na mwili umebaki ndani ya injini, umejikalia kwenye tundu lake kama jino lililovunjikia ufizini.

Katika sekunde hiyo fundi huwa peke yake na Mola wake. Mwenye gari yuko kazini, au ameketi kwenye benchi chini ya mwembe akinywa kahawa, na hata angesimama karibu asingetambua kilichotokea. Bolti ziko mbili, nne au kumi. Moja ikikosa mwili, kifuniko kitarudishwa mahali pake vivyo hivyo na gari litawaka. Ndiyo maana nimeona ukurasa huu wa familia unafaa kuzungumzia kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiungo cha kidole. Nimekiona kikiingia katika nyumba ya watu na kukaa baina ya mama na mwanawe.

Kwanza nieleze kwa nini bolti hukatika, kwani wenye magari wengi hudhani kila inayokatika imekatwa na mkono mzito wa fundi. Mara nyingine ni kweli. Kijana mwenye nguvu akiurefusha mpini wa spana kwa kipande cha bomba, hakuna bolti ndogo itakayomstahimili. Lakini mara nyingi bolti ilikwisha kufa miaka mingi kabla ya fundi kuigusa. Silinda hedi za magari mengi ya petroli ni za aluminiamu, na bolti zinazofungwa humo ni za chuma. Metali hizi mbili zikikutana penye unyevu, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe mgumu, unaojaa katikati ya nyuzi za bolti na kuishika kama saruji. Tena injini hupata moto na kupoa kila siku, na aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Fikiria ndoa ya wawili ambao kila siku mmoja anatanuka na mwingine anabaki nyuma.

Chumvi huharakisha uharibifu huo. Sisi wa mwambao tumezoea kujaza rejeta kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi ni vya maji ya chumvi. Yale maji maalumu ya rejeta yanayouzwa yakiwa ya kijani au mekundu hayakutiwa rangi kwa ajili ya urembo. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na rangi husaidia kuonesha mahali yanapovuja. Mteja akiambiwa bei ya dumu moja hucheka na kuuliza kama maji yamepungua duniani. Namwelewa. Lakini mimi ndiye ninayeyaona matundu ya bolti baada ya miaka mitano ya maji ya kisima.

Sasa nirudi kwenye nyumba niliyoitaja. Mama mmoja mjane aliletewa gari gerejini kwangu na mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na miwili. Gari lenyewe ni Noah ya zamani, zile ambazo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Marehemu mumewe aliliacha gari hilo, nyumba ya vyumba vitatu na watoto wanne, wawili kati yao bado hawajabaleghe. Asubuhi kijana hupeleka wanafunzi shuleni, na mchana hubeba abiria. Riziki ya nyumba nzima ilikuwa juu ya matairi manne, na ndani yake mlikuwa na haki ya mayatima.

Gari lilikuwa likichemka. Nilitarajia mama aniulize kuhusu gari, lakini baada ya salamu aliniuliza kuhusu mwanawe.

"Fundi, nataka uniambie ukweli. Huyu mwanangu anatia maji au hatii?"

Kijana alikuwa amesimama kando, macho chini. "Mama, wallahi natia kila alfajiri nikitoka kuswali."

"Kama unatia, yanakwenda wapi? Uani hakuna hata tone."

Nilifahamu baadaye kwamba jambo hilo lilikuwa na wiki sita. Gari lilichemka mara ya kwanza njiani, likavutwa kwa kamba hadi nyumbani, na gharama ya kulivuta ikakatwa kwenye posho ya kijana. Likachemka tena, posho ikakatwa tena. Mjomba wake alikwisha kutoa shauri kwamba gari liuzwe kabla kijana hajaliua, na fedha zigawanywe. Mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na amana mkononi na aliogopa kuulizwa, na ushahidi wote aliokuwa nao ulimwelekea mwanawe: maji hayaonekani kuvuja, na rejeta kila adhuhuri ni tupu.

Tuliinua viti. Injini ilikuwa baridi, na kweli palikuwa pakavu. Lakini pembezoni mwa kiwiko cha maji, yaani kile kibomba kifupi kinachounganisha mpira wa juu wa rejeta na silinda hedi, niliona mstari mweupe kama chokaa. Kiwiko kile hushikwa na bolti mbili. Niliweka spana namba 12 kwenye ya kwanza, ikakaza kama inavyotakiwa. Niliiweka kwenye ya pili, ikazunguka bila uzito wowote, nikaishika kwa vidole ikanyanyuka kama kizibo cha chupa. Chini yake palikuwa na tonge la silikoni nyeusi. Mwili haukuwapo. Fundi fulani, siku fulani, alikata bolti ile, akapaka gundi, akakibandika kichwa mahali pake ili macho ya mtu yahesabu bolti mbili.

Silikoni ile ilitosha kuzuia maji injini ikiwa baridi. Lakini rejeta haifanyi kazi kwa utulivu. Ukitazama kofia za rejeta za magari mengi ya Kijapani utaona zimeandikwa 0.9 au 1.1, hicho ni kipimo cha shinikizo ambalo kofia hulishikilia kabla ya kuachia, na shinikizo hilo ndilo linalofanya maji yachelewe kuchemka. Injini ikipata moto, shinikizo hupanda, upande wa kiwiko usio na bolti hunyanyuka kidogo kama unene wa karatasi, na maji hutoka kwa kupuliza. Huangukia chuma cha moto, hugeuka mvuke papo hapo, na upepo wa njiani huuchukua. Gari likirudi nyumbani na kupoa, kiwiko hukaa chini tena. Uani hapatakuwa na tone.

Nilimwita mama asogee, nikawaonesha wote wawili kwa pamoja, nikaeleza polepole. Nilipomaliza, mama aliniomba nieleze tena ile sehemu ya mvuke. Nikaeleza. Hakusema kitu. Aliketi kwenye benchi akajifunika vizuri mtandio wake, akawa anatazama barabarani.

Kisha akaniuliza ni gereji gani iliyofanya vile. Nilimwambia siwezi kujua, na yeye pia hawezi, kwa kuwa gari lilikwisha kupita kwenye mikono ya mafundi kadhaa tangu uhai wa marehemu, na silikoni haina sahihi. Kumtuhumu mtu kwa dhana kungekuwa kurudia kosa lile lile kwa mtu mwingine. Alilipokea hilo, ingawa niliona limemgharimu.

Lakini kuhusu kitendo chenyewe, sina sababu ya kuuma maneno. Wengi wetu tunakifahamu kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake mtukufu ndani na vidole vikakutana na unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akaeleza kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Mimi kila nikikisikia kisa hiki msikitini hukifikiria katika lugha ya gereji. Bolti kukatika ni mvua. Humpata hodari na humpata mzembe. Kichwa kilichobandikwa kwa gundi ni nafaka kavu iliyotandazwa juu.

Wanafunzi wangu nawafundisha jambo moja kabla ya kuwafundisha majina ya spana: bolti ikikatika, weka mikono chini, uniite. Usijaribu la pili peke yako. Na mimi nikija, kitu cha kwanza ni kumpigia simu mwenye gari. Wapo wenzangu wanaosema huko ni kujiharibia soko. Huenda. Nimewahi kupoteza wateja kwa simu hiyo.

Kabla ya kugusa kitu tulipatana ujira, kwa sababu ujira usiojulikana ni mbegu ya ugomvi, na sheria yetu haiupendi. Nilimweleza mama kwamba kukitoa kipande kile kutanichukua siku mbili, kwamba nitamtoza shilingi elfu arobaini, na kwamba nikishindwa itabidi silinda hedi ifunguliwe ipelekwe kwa fundi wa mashine, jambo ambalo gharama yake ni kubwa zaidi. Watu hushangaa: bolti ya shilingi elfu moja, kuitoa elfu arobaini? Bolti wanaipata bure. Wanalipia siku mbili na kuepushwa na kununua silinda hedi.

Nilisafisha tundu nikatazama kwa tochi. Kipande kilikuwa kimezama kama milimita mbili chini ya uso wa aluminiamu. Hapo fundi mwenye pupa hutwaa drili. Tatizo ni kwamba chuma ni kigumu na aluminiamu ni laini, na ncha ya drili hupenda ulaini. Ikianzia pembeni hata kwa nusu milimita, itateleza, iache chuma na kula ukuta wa tundu, na kutoka hapo huna tena bolti iliyokatika tu, una silinda hedi iliyotoboka.

Kuna kifaa kiitwacho ekstrakta, kijiti cha chuma kigumu sana chenye mikato ya kuzunguka kushoto. Unatoboa tundu katikati ya kipande, unakiingiza, unazungusha kinyume, nacho kinauma na kuvuta. Kwa bolti iliyokatika kwa bahati mbaya huku nyuzi zake zikiwa huru, ni kifaa kizuri. Kwa bolti iliyoshikwa na kutu sikiamini. Iliyomshinda bolti mzima itamshinda na kijiti chembamba zaidi, na ekstrakta ikikatikia mle ndani hakuna drili ya kawaida itakayoitoboa. Nimeletewa injini kadhaa za namna hiyo, zenye kipande ndani ya kipande.

Kwa hiyo siku ya kwanza kazi ilikuwa kungoja. Nilitia mafuta ya kupenya, nikaweka tindo butu juu ya kipande na kukigonga kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, ili ule unga mweupe upasuke na mafuta yapate njia. Nikarudia baada ya adhuhuri, nikarudia baada ya alasiri, nikaliacha gari lilale. Kijana alikaa nami mchana kutwa. Hakuwa na gari la kuendesha. Alinipokeza tochi, akaniuliza maswali mazuri, na hakulitaja jambo la mama yake hata mara moja.

Siku ya pili nilikusudia kuchomelea nati. Kwanza tulitoa vichwa vya nyaya kwenye betri, kwa sababu umeme wa kuchomelea unaweza kuiua kompyuta ya gari. Mabomba ya petroli tuliyafunika kwa gunia lililoloweshwa, na ndoo ya mchanga ikawekwa karibu. Kisha nikaweka washa, kile kisahani chembamba chenye tundu, juu ya tundu la bolti, nikashusha ncha ya kijiti cha kuchomelea hadi kikagusa chuma, nikajaza chuma cha moto kutoka kwenye kipande hadi kwenye washa. Uzuri wake ni kwamba chuma cha kijiti hakishikani na aluminiamu. Kinashikana na bolti peke yake. Juu ya washa nikaweka nati nikaijaza vivyo hivyo. Sasa kipande kilikuwa kimepata kichwa kipya.

Nati peke yake isingetosha. Kinachofungua bolti iliyoshikwa hasa ni moto wenyewe. Kipande kikiwaka kwa sekunde chache hutaka kutanuka, tundu linakibana, na kinapopoa hujikunyata na kuachana na ule unga uliokishika. Unangoja wekundu uondoke, unagusisha kipande cha mshumaa pembeni, na nta iliyoyeyuka hunywewa ndani ya nyuzi. Kisha spana, na hapa ndipo panapohitaji subira: unakaza kidogo kwanza, kisha unalegeza, unakaza, unalegeza, kila upande unywele tu.

Nati ya kwanza ilibanduka. Ya pili ikabanduka nikiwa nimeanza kuhisi mwendo. Ikaadhiniwa adhuhuri, nikavua glovu. Nakiri kwamba nilikwenda kuswali huku fikra zangu zikiwa ndani ya tundu la milimita 8, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye nilichokipata katika sala ile. Tuliporudi nikachomelea ya tatu, nikaiacha ipoe kwa muda mrefu kuliko zile mbili, nikatia nta, nikashika spana. Ilisogea. Si kule kusogea kwa uongo kwa bolti inayojipinda kabla ya kukatika. Huo mkono unaujua. Ilisogea ikiwa na mlio mdogo mkavu, na unga mweupe ukatoka pembeni. Nilimpa kijana spana aimalizie mwenyewe, kaza, legeza, hadi kipande kikatoka chote mkononi mwake kikiwa bado cha moto, akakirusha kutoka kiganja hiki hadi kile akicheka.

Mengine yalikwenda haraka. Nyuzi za tundu nilizisafisha kwa tapu. Mbili za mdomoni zilikuwa zimeliwa, zilizobaki zilikuwa nzima. Gasketi mpya, bolti mbili mpya, na spana ya kupimia nguvu, kwani bolti ya milimita 8 ndani ya aluminiamu hutosheka na nyutoni-mita 20 hivi, kiasi ambacho vijana wengi wakikisikia huona ni mzaha. Rejeta tukaijaza maji ya kijani. Tukawasha injini, ikapata moto, feni ikazunguka, kiwiko kikabaki kikavu.

Kuna swali ambalo kijana aliniuliza tukiosha mikono: ingekuwa bolti imekatikia mkononi mwangu mimi, nani angelipa? Ni swali la wanazuoni. Wamemjadili kwa kirefu fundi anayepokea kazi za watu wengi. Kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, yaliyoenea mwambao wetu, ni kwamba kilichoharibika mkononi mwake bila uzembe wala kuvuka mipaka hakimlazimu kulipa. Imamu Malik aliona mafundi wadhaminishwe, ili mali za watu zisipotee. Mimi si mwanachuoni, na mwenye mgogoro wa kweli aende kwa sheikh. Gerejini kwangu nimejiwekea desturi: iliyooza kwa kutu, nampigia mwenyewe simu na tunagawana kazi, iliyokatwa kwa nguvu za mwanafunzi wangu, nailipa mimi.

Mama alifika alasiri. Nilimpa kipande kile kikiwa bado kimeshikana na nati ya tatu, akakigeuzageuza kiganjani, akakipima kwa kidole. Alinilipa elfu arobaini zangu akazihesabu mara mbili. Kisha akamwambia mwanawe amletee daftari la gari. Humo kulikuwa na hesabu za kila siku kwa mwandiko wa kijana, na pembeni, kwa mwandiko wa mama, makato ya posho. Akaomba kalamu. Nilimpa ile ninayoandikia risiti, imejaa oili, akaanza kufuta mstari mmoja baada ya mwingine.

"Basi, mama," kijana alisema. "Acha, inatosha."

Hakumjibu. Alifunua ukurasa wa nyuma yake, akaendelea hadi alipofika wiki ya kwanza.